Makala moja, hesabu mbili

Juzi tulikuwa tumekaa mu kivuli pale fakilte tunangojea umeme urudi, mukubwa mumoja, shefu wa travo (CT, cheo cha kati ya asistanti na profesa), akaleta mazungumzo: eti serikali ingelipa iniversite kufuatana na utafiti zinatoa, anayezalisha apate, asiyezalisha alale njaa. Bote tukapiga makofi. Na mimi pia, siwezi kudanganya. Ni usiku njo nikaanza kujiuliza ni nini hasa tulikuwa tunashangilia.

Uingereza walianza mambo hayo 1986. Kila kisha miaka kadhaa vyuo vinaleta kazi zao, kamati za maprofesa zinasoma na kutoa nyota, moja mpaka nne, na leo pesa inafuata nyota tatu na nne tu. Mu hesabu ya 2021 makala na vitabu vilibeba 60%, mazingira ya kazi 15%, na faida ambayo utafiti umewaletea watu wa inje ya chuo 25%. Hiyo 25 nimeipenda kabisa, juu huku kwetu mutu anatetea tezi, ile kazi ya kupata udoktora, tunakunywa fanta, halafu panya wa kabati njo wasomaji wake.

New Zealand wao tangu 2003 walimpima kila mwalimu peke yake: A, B, C ao R, na R ni ya mwisho. Wazia prof mwenye kutupatia 8 juu ya 20 naye anapewa R! Lakini ile zamu ya kupima iliyopangwa 2026 wameifuta, maandalizi yake yalikuwa yanakula muda na pesa mingi.

Sasa ile yenye kuniuma. Mwaka 2020 ilitoka makala mu jarida The Lancet Planetary Health, watafiti wa UNILU, iniversite yetu ya Lubumbashi, pamoja na wa Leuven kule Ubelgiji, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema hapa Lubumbashi, wakaona hatari inapanda kama baba anafanya kazi zenye kuhusu migodi. Kazi ya maana, ya kwetu kabisa. Lakini Flandre, ule upande wa Ubelgiji wenye Leuven, wanagawia iniversite zao sehemu ya pesa za utafiti kwa kuhesabu makala, kwa hiyo makala ya namna hiyo kule inaingia mu hesabu ya pesa, na huku inaingia mu CV. Vumbi ni letu, wagonjwa ni wetu, point zinapanda ndege.

Basi tuhesabu na sisi? Tayari tunahesabiwa. Asistanti bila makala hapandi kuwa CT, na ndiyo sababu unakuta makala ya kurasa sita yenye majina kumi, mumoja alileta tu gari, ama yale majarida unatuma pesa leo kesho umetoka. Ukiweka pesa ya serikali juu ya hesabu kama hiyo utapata makala mingi, utafiti sijui. Wangesoma kweli kama wale wa Uingereza, sawa, ningekubali hata nyota moja. Ila hiyo ni pesa ya kulipa kazi iliyokwisha, na yangu haijaanza: sampuli zangu za udongo wa Penga Penga, mtaa wa hapa Lubumbashi, ziko mu sachet chini ya kitanda, zinangojea labo, na labo inataka dola mbele.

Bibi yangu ameshauliza mara mbili kama anaweza kupanda lengalenga ndani.