Vile nilirekebisha jointi ya nyasi bandia kwa kiwanja cha ploti yetu Kisumu

Huku kwetu Nyamasaria nyuma ya nyumba tuko na kiwanja kidogo cha nyasi bandia, watoto wanapiga mpira mchana, jioni wakubwa wanafunga neti wanacheza tenisi. Kapeti hizi mara nyingi huja kwa roli za upana wa mita 4 kwa hivyo lazima pawe na jointi mahali roli mbili zinakutana, na ile yetu ya katikati ilikuwa imefunguka hadi kidole cha mguu kinaingia. Mtoto wa jirani alikwama hapo akaanguka akachubuka goti vibaya, jioni hiyo mama yake akaniita, "Baba Ivy, wewe kazi yako si ni tailsi, gundi unaijua, tusaidie kabla mtu avunjike mguu." Nikakubali, maana hata wangu wanacheza hapo hapo.

Kulikuwa na fundi aliitwa awali na kusema ukweli alichofanya kiliniudhi sana. Alimwaga gundi ya viatu kwa ufa kutoka juu, halafu akapigilia misumari ya inchi 3 kushikilia. Gundi ya viatu ikipigwa na jua inalegea, na nyasi bandia juani inachemka kuliko nyasi ya kawaida kwa mbali sana, siku ya jua kali inaweza kupita digrii 60, kwa hivyo ilishika wiki za kwanza tu ikaachia. Misumari nayo ikaanza kuchomoza vichwa. Watoto wanacheza miguu mitupu hapo jamani.

Sasa mimi nilianza na misumari. Nilitoa sumaku kwa spika kuukuu, nikaifunga kwa kamba, nikawa naiburuta polepole juu ya jointi, mahali inanata naweka alama ya chaki, nang'oa na koleo, napitisha tena mpaka ikawa haishiki kitu. Hapa usiharakishe hata kidogo, msumari mmoja ukibaki ndani ya mchanga hutauona.

Halafu nikatoa mchanga. Nyasi ya tenisi ni fupi na inajazwa mchanga wa silika ndio isimame na kapeti itulie kwa uzito, so ukijaribu kuinua kingo na mchanga bado uko juu, unamwagika wote chini ya kapeti na hapo umejiongezea kazi. Nilibrashi nikauzoa karibu sentimita 30 kila upande nikauweka kwa gunia utumike tena.

Kukunjua kingo ndio nikaona shida yenyewe. Tepu ya chini, ule ukanda unaopita chini ya ufa kushika kingo zote mbili, ilikuwa nyembamba, gundi imegusa vipande vipande tu, kwingine hata haikugusa, na katikati ardhi imedidimia. Udongo wa huku ni ule mweusi, mvua ikinyesha unafura, kiangazi unapasuka, kwa hivyo kokoto na dasti ya kwari (vumbi la mawe) zilizowekwa juu yake zinacheza nao. Ukigundisha juu ya shimo, kila mtu akikanyaga pale jointi inavutwa chini na itaachia tu, hata utumie gundi ya bei gani. Nikajaza dasti, nikashindilia, nikapima na ubao mrefu ulionyooka mpaka hakuna mwanga unapita chini yake.

Kazi iliyokula muda mwingi kabisa ni kukwangua gundi ya zamani nyuma ya kapeti. Kisu cha kukwangua rangi na brashi ya waya, lakini taratibu, maana ule mgongo ndio umeshika nyuzi na ukiutoboa nyasi zinang'oka kwa mistari. Gundi mpya haishiki juu ya gundi mbovu, ni vile vile kwa tailsi, na hapa ndipo mafundi wengi wanaruka.

Gundi niliyotumia ni ya poliyurithani, ile ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha. Hii adui yake ni maji, ikikutana na unyevu inatoa gesi, inafura mapovu kama povu la sabuni na nguvu inaisha. Na mvua ya Kisumu mnaijua, jua linachemsha ziwa mchana kutwa halafu saa kumi au jioni inamwagika. Kwa hivyo nilingoja umande ukauke asubuhi nikaanza mara moja, turubai liko kando tayari. Pia joto linafanya ikauke haraka kwa ndoo, changanya kidogo kidogo.

Tepu mpya ni ya upana wa sentimita 30, upande laini chini, upande wenye manyoya juu, katikati yake chini ya ufa kabisa. Nikapaka gundi na mwiko wenye meno, nikalaza kingo ya kwanza, kisha ya pili, vijana wawili wa ploti wakinishikia nyasi zikunjwe nyuma zisiingie kwa gundi. Nafasi kati ya kingo mbili iwe sawa na nafasi kati ya mistari ya nyasi zenyewe. Ukibana sana inainuka mgongo, ukiacha pana ufa unaonekana, na nyasi zote zilale upande mmoja. Nikapanga magunia ya mchanga juu ya mbao, nikafunika turubai, nikafunga geti la kiwanja na kufuli. Watoto walinung'unika sana.

Kesho yake nikavuta kwa mikono yote miwili, haikusonga. Nikarudisha mchanga ukiwa mkavu, kidogo kidogo huku nabrashi. Mzee mmoja alisema tuongezee ule wa kujengea, nikamwomba mzee aache, una matope, unaziba matundu ya maji halafu kuvu inaota.

Sasa mvua ndefu imepita juu yake na jointi bado imelala sawa. Kuna ingine upande wa lango imeanza kulegea mwisho, hiyo nimeipangia Januari kukiwa kukavu, na tepu iliyobaki nimeiweka stoo. Kama unajengewa kiwanja saa hii, waambie wakuachie vipande vya kapeti ile ile, kwa sababu baadaye kupata rangi inayofanana ni shida kubwa.