Siku moja maishani mwangu: mtu wa mawingu ya rangi

Saa kumi na moja alfajiri. Natoka msikitini, naingia uani, nakuta sinia zangu zimelowa umande. Kosa langu mwenyewe, jana usiku niliona uvivu kuziingiza ndani.

Kazi yangu hapa Unguja ni kurusha poda ya rangi hewani ili watu wapigwe picha. Harusi, wageni wa mahoteli, na siku hizi wazazi watarajiwa wanaotaka kutangaza mtoto ni wa kiume au wa kike. Nikieleza hivyo watu hucheka: "Yaani unalipwa kwa kumwaga poda?" Mama akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu, "Yuko kwenye mapicha huko," kisha hubadilisha mazungumzo.

Poda yenyewe ni wanga wa mahindi. Naukoroga na maji na rangi ya chakula hadi uwe uji mzito, nautandaza kwenye sinia, naanika siku mbili tatu mpaka upasukepasuke. Kisha kinu na mchi, kisha chekeche, halafu kitambaa cha melimeli, mara tatu. Punje ikibaki kubwa hairuki, inaanguka chini kama mchanga. Ikiwa imekubali, ukiipuliza kiganjani inapaa kama moshi wa udi. Ndiyo maana umande wa leo umenikera. Nimerudia kutwanga na kuchekecha hadi saa mbili na nusu, pua moja ya buluu, rangi ya mtoto wa kiume, na nyingine ya waridi, ya wa kike. Rangi zote mbili huanika kila mara, hata nikihitaji moja. Majirani zangu wana macho, na bahasha ya hospitali yenye jibu la mtoto ninayo mimi peke yangu.

Saa tatu tunapakia, mimi na mpwa wangu. Jozani tunawasubiri kima punju wavuke barabara kwa raha zao. Kabla ya saa tano tuko Paje.

Maji yamekupwa, ni bamvua, mchanga umetanda hadi huko mbali kwenye vijiti vya mwani. Kazi yangu ya kwanza pwani huwa ni upepo. Nachukua ukufi wa unga mweupe, naurusha, naangalia unakokwenda. Ni kusi, na linavuma kweli, hata matiara ya wazungu wanaoteleza majini yameshaanza kujaa. Kusi litapeleka kila kitu kaskazini. Kwa hiyo nikachagua pahala kaskazini ya uwanja ambako akina mama wameanika mwani, nikaenda kumwamkia mkubwa wao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo tena umekuja na mavumbi yako?"

Nikamwonyesha nitakaposimama na upepo unakokwenda. Akaangalia angani, akaangalia bahari, akasema, "Sawa. Lakini maji yanajaa saa kumi. Wageni wako wawahi." Paje na Jambiani wanalima mwani wa biashara tangu 1989. Bibi huyu hahitaji mtu wa kumfundisha maji.

Mapatano na wateja wa leo, mume na mkewe mjamzito, yalikuwa saa nane. Saa nane, mizinga mitatu imesimama. Mzinga wangu ni bomba gumu la plastiki, chini una mtungi mdogo wa hewa iliyoshindiliwa, juu nimefunga karatasi laini. Ukifungua koki, hewa hutoka yote kwa mpigo mmoja na poda hupanda kupita mnazi mchanga. Hakuna moto, hakuna baruti.

Saa nane na nusu: "Tuko njiani." Saa tisa: "Tushakaribia." Saa tisa na robo, mume ananipigia simu pembeni, "Yakhe, nidokeze tu, nifurahi au nijitayarishe kufurahi?" Sikumjibu. Mchanga unazidi kuliwa. Mpwa wangu anasogeza mizinga nyuma, tunakaa, anasogeza tena.

Walifika saa kumi na dakika kumi, magari manne, maji yamejaa tele. Kipande changu cha kaskazini hakipo tena, kimebaki kijia chembamba kama busati, na mchanga wa kusimamia watu thelathini uko upande mmoja tu: kusini, kwa mwani. Nikirushia huko, upepo ukiyumba kidogo, kazi ya wanawake wale imeharibika.

Nikasema tusubiri maji yarudi kidogo. Hapo ndipo shemeji mtu akajitokeza, kaka wa bibi mjamzito, amekuja likizo kutoka Marekani. Akanipa simu yake niangalie. Uwanja mpana, mtu na bunduki, mlio, na wingu kubwa la buluu.

"Kwa nini hufanyi kama hivi? Mabomba haya ya kitoto."

Nikamweleza, kwa adabu, maana bado hawajamaliza kulipa. Ile ni shabaha ya kulipuka. Kwao inauzwa dukani ikiwa vitu viwili mbalimbali, mbolea ya amonia nitrati na unga wa alumini, mnunuzi huchanganya mwenyewe. Imetengenezwa isilipuke kwa kuanguka wala kwa nyundo, inataka risasi ya bunduki yenye kasi kubwa. Poda huwekwa pamoja nayo, risasi ikipiga, mripuko unaitawanya.

"Ehe! Si unajua sasa!"

Najua, na najua pia kuwa Aprili 2017, kule Arizona, mtu alipiga shabaha ya namna hiyohiyo kutangaza mtoto wake, majani makavu yakashika, zikaungua eka zipatazo 47,000. Nikamwonyesha kwa kidole paa za makuti nyuma yetu, moja, mbili, tatu, zimekaushwa na jua na kusi linazipepea. "Na bunduki yenyewe, kaka, utaitoa wapi?"

Akanyamaza dakika tano. Akarudi. Basi tuweke mienge pembeni, ipendeze kwenye picha.

Hapo niliacha adabu kidogo. Wanga ukiwa kwenye gunia ni chakula, ukitawanyika hewani ni petroli. Taiwan, tarehe 27 Juni 2015, vijana walikuwa wanacheza dansi kwenye bustani ya maji, poda ya rangi ya wanga ikashika moto, wakafa 15 na wakaungua karibu 500. Poda kama hii hii. Nilipandisha sauti hadi shangazi mmoja akasema, "Na mtoto mwenyewe hajazaliwa, mnamtangaza mpaka kwa upepo," na watu wakacheka, shemeji akaenda kuvuta sigara. Nikamfuata nikamwomba akavutie barabarani.

Sijui ilikuwa saa ngapi tena. Bibi wa mwani aliona ninavyohangaika, akaita wenzake wakaanza kuanua kabla ya wakati wao. Tukawasaidia kujaza mapolo, mimi, mpwa wangu na yule baba mtarajiwa, kanzu kaipandisha magotini. Mwani ambao haujakauka sawasawa ni mzito jamani. Mgongo wangu unajua.

Jua likiwa limeshafika nyuma ya minazi, maji yakaturudishia mchanga wa kutosha. Kusi likapoa. Nikahesabu: tatu, mbili, moja. Mzinga wa kwanza, buluu. Wa pili, buluu. Wa tatu ulikohoa tu. Lakini nani aliuangalia? Wingu lilipanda, likajikunja, mwanga wa mwisho ukalipita katikati, na hata nusu dakika halikumaliza likawa limekwenda zake baharini. Yule mume alikaa chini palepale mchangani, akajifunika uso kwa mikono miwili. Shemeji naye nilimwona anafuta macho, akasingizia poda.

Nyumbani nimefika saa tatu usiku. Nimefungua ule mzinga wa tatu, umetoka mdonge wa buluu mkubwa kama andazi. Umande. Nimeoga maji ndoo mbili, ya pili bado yana rangi.

Saa nne na kitu simu inalia, ni yule baba mtarajiwa. Rangi itatokaje kwenye kanzu?

"Ikung'ute kwanza ikiwa kavu," nikamwandikia. "Usitie maji."

"Nishatia."