Namna nilivyoondoa viraka kwenye DVD ya harusi ya dada yangu

"Mjomba, bibi yako anauliza, huyu mume wa mjukuu wake mbona ana viraka usoni?"

Simu hiyo ya mjomba wangu ilitoka Lushoto, siku ya pili baada ya kutuma DVD kwa basi. Iliniuma. Bibi hakuweza kushuka Dar es Salaam kwenye harusi ya dada yangu kwa sababu ya miguu, nami nilimwahidi kwamba ataiona yote akiwa amekaa kwenye kiti chake. TV yake ni ya chogo, na deki yake ni ya zamani, haina hata tundu la flashi. Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ila DVD.

Mpiga video alinikabidhi faili moja ya video, MP4, ya saa 3 na dakika 48, picha ya 1920 kwa 1080, karibu GB 20. Nilichukua programu ya bure ya kutengeneza DVD, nikaitupia faili, nikachagua ijaze diski moja yenyewe, nikalala. Asubuhi nikachoma. Nilijaribu dakika tano za mwanzo, za kanisani, nikaona ziko safi, nikafunga bahasha. Hapo ndipo nilipokosea. Kanisani kamera imesimama kwenye mguu wake, watu wametulia, mwanga ni wa mchana. Shida ilikuwa inasubiri ukumbini.

Mjomba alipoeleza vizuri, nilielewa kwamba picha inavunjika vijisanduku maharusi wanapoingia: taa za rangi zinawaka na kuzima, moshi unafuka, karatasi za kung'aa zinamwagika, na watu wote wanacheza. Wakikaa mezani, sura zinarudi.

Nilianza kwa kulaumu diski. Nikanunua za aina nyingine, nikachoma kwa kasi ya 4x badala ya 16x. Viraka vilevile. Nikamwomba mjomba afute lenzi ya deki. Viraka vilevile. Wiki nzima ikaenda hivyo, na leo najua jaribio la dakika mbili lingeniokoa: kufungua yale mafaili ya VOB, yaani video iliyokwisha kubadilishwa kuwa ya DVD, yaliyo kwenye kompyuta, kabla hayajachomwa, na kuyacheza kwa VLC, programu ya kuchezea video. Nilipofanya hivyo, vijisanduku vilikuwepo, sekunde ileile, moshi uleule. Diski haikuwa na kosa, wala deki ya bibi.

Tofauti hii ni ya kushika. Diski ikiwa mbovu au ina mikwaruzo, vijisanduku hutokea ovyo, sauti nayo hukatika, mara nyingi picha huganda kabisa, na ukitumia deki nyingine huenda kasoro ikahama. Lakini vijisanduku vikija mahali palepale kila mara, sauti ikiwa nzima, kosa limetokea wakati wa kubadilisha faili. Nikafungua pia MP4 ya mpiga video sehemu ileile. Ilikuwa safi kama maji. Kwa hiyo kazi iliharibikia mikononi mwangu, kati ya MP4 na VOB.

Hapo nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Diski ya kawaida ni GB 4.7, ambazo kompyuta huzionyesha kama 4.37 kwa sababu inahesabu kwa njia yake. Kila baiti ni biti nane, basi GB 4.7 ni sawa na biti bilioni 37.6. Harusi ni sekunde 13,680. Ukigawanya unapata megabiti 2.7 hivi kwa kila sekunde, na humo sauti ichukue fungu lake. Picha inabaki na kama 2.5. Kiasi hicho cha data kwa sekunde ndicho wengine hukiita bitireti, na ndicho kilichokuwa kinamvisha shemeji viraka.

Jambo lililonichanganya ni hili: nina filamu za saa mbili zisizofika hata GB moja na zinaonekana vizuri. Iweje GB 4 na zaidi zishindwe? Jibu ni umri wa teknolojia. DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na picha yake hubanwa kwa njia ya zamani iitwayo MPEG-2. MP4 nyingi za leo hutumia H.264, njia mpya zaidi ya kubana iliyotoka 2003, ambayo huhitaji takriban nusu ya data kwa ubora uleule, wakati mwingine chini ya hapo. Deki ya bibi haijui H.264. Ukiipa MPEG-2 megabiti 2.5, unamlisha mtu mzima kijiko kimoja cha uji.

Na MPEG-2 huigawa picha katika vigae vidogo, kisha hutafuta kigae gani hakijabadilika tangu picha iliyopita ili isikiandike upya. Ukuta wa kanisa haubadiliki, basi ni rahisi. Moshi wenye taa za rangi hubadilika wote, kila kigae, mara 25 kwa sekunde. Data ikiisha, programu inatupa maelezo madogo ya ndani ya kigae na kuacha rangi moja. Ndiyo vile viraka.

Jawabu la haraka lingekuwa kupunguza urefu. Nilimpigia bibi mwenyewe kumwomba nikate foleni ya zawadi, dakika arobaini za watu kupita. Akakataa katakata. "Usikate mtu, mume wangu. Nataka nione nani alikuja." Sikubishana. Kwake foleni ile ndiyo harusi.

Basi nikagawanya katika diski tatu. Mwanzoni nilitaka kugawa dakika sawasawa, 76 kila moja, kisha nikaona si haki: kanisani ni pepesi, ukumbini ni pazito. Diski ya kwanza ikabeba kanisani na msafara wa matarumbeta, dakika 96, nikaweka picha megabiti 6. Ukumbini, dakika 132, nikazikata mara mbili, 66 kila diski, megabiti 7. Kwa kanuni za DVD picha inaweza kufika 9.8, lakini sikuthubutu kukaribia huko. Deki za zamani hukwama diski za kuchoma nyumbani zikiwa nzito mno. Nikaweka kikomo cha juu 8. Sauti nikaiacha AC3, aina ya sauti ya DVD, ya kilobiti 192, kwa spika ya TV ile inatosha na kubaki.

Mpangilio mwingine ulionisaidia ni ule wa kupita mara mbili. Mara ya kwanza programu husoma video yote na kuona wapi pagumu, mara ya pili ndipo inaandika, ikichukua data kutoka kwenye hotuba na kuipeleka kwenye dansi. Ni polepole. Umeme ulikatika usiku wa kwanza nikaanza upya, lakini sijutii hata saa moja. Nilipitisha pia kichujio chepesi cha kupunguza chenga, maana sehemu zenye giza kamera ilikuwa imejaza vidoti vinavyotikisika, na kila kidoti kinadai data kana kwamba ni sura ya mtu. Usikizidishe tu, kikizidi, ngozi za watu zinakuwa kama nta.

Nikakuta pia kwamba programu ilikuwa kwenye NTSC, mfumo wa TV wa picha karibu 30 kwa sekunde, ilhali kamera ilirekodi picha 25 kwa sekunde. Nikabadilisha kuwa PAL, mfumo wa picha 25, ukubwa wa 720 kwa 576. Kule kukwamakwama kwa picha kamera inapogeuka kukaisha.

Kipande kimoja tu kilinishinda kwa muda. Shangazi alikuwa amerekodi kwa simu bibi harusi akivalishwa asubuhi, akanitumia kwa ujumbe, nami nikakibandika mwanzoni. Nilikipa megabiti 8 na bado kilikuwa viraka. Nilipokifungua kwa MediaInfo, programu inayoonyesha undani wa faili, nikaona kimefika kwangu kikiwa kimeshabanwa kabisa. Viraka vilikuwa ndani yake tangu mwanzo, na hakuna mpangilio unaoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa. Nilimwomba shangazi akitume tena kama dokumenti, siyo kama video, nikapata faili halisi ya simu yake. Tofauti ilikuwa kubwa mno, hata shanga za mkononi mwa dada zilihesabika.

Safari hii sikujaribu kanisani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye moshi, nikacheza VOB kwenye kompyuta, kisha nikachoma diski moja nikaipeleka kwa jirani mwenye deki. Picha ilikuwa laini kidogo kuliko MP4, hilo halikwepeki ukishuka kutoka 1080 hadi 576, lakini hakuna kijisanduku. Nikachoma zote tatu kwa 4x, nikaandika 1, 2, 3 kwa kalamu ya wino laini, nikapeleka stendi.

Mjomba alipiga jioni ya Jumamosi. Walikuwa wamefika kwenye foleni ya zawadi, na bibi alikuwa ameshika rimoti mwenyewe, akisimamisha picha kila baada ya watu wawili watatu na kuwataja kwa majina na koo zao. Nyuma ya simu nilimsikia akisema arudishwe pale maharusi wanapoingia, amtazame tena yule kijana.

Jirani yake naye anataka nakala. Mafaili ya ISO, yaani nakala kamili za diski, nimeyahifadhi, kwa hiyo ni kuchoma tu.