Yai la leo linamenyeka

Ramadhani iliyopita nilipokea oda ya kababu 30 za mayai, zile ambazo yai zima la kuchemsha unalivika nyama ya kusaga, unalichovya kwenye yai na chenga za mkate, kisha unakaanga. Kuku wangu hapa Tanga walikuwa wanataga vizuri. Nikachukua mayai ya jana na ya asubuhi ile, nikayatia kwenye sufuria ya maji baridi na kuwasha moto, kama nilivyozoea. Wakati wa kumenya nilitamani kulia. Kaka lilitoka na mapande ya ute, yai likabaki na mashimo kama limetafunwa na panya. Mayai 17 hayakufaa. Nyama inaficha kwa juu tu. Kababu ikikatwa katikati, mteja anaona kila kitu.

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, yai la leo halimenyeki. Lilaze wiki nzima kwanza."

Ni kweli. Ute wa yai jipya una gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo hutoka polepole kupitia vitundu vya kaka. Siku zinavyopita asidi inapungua, na ute ukiiva hauung'ang'anii tena ule utando wa ndani. Lakini oda ya kesho nitailaza wapi, shangazi?

Nilichokipata ni mvuke, na tangu hapo sijarudi nyuma. Nina sahani kuukuu ya bati niliyoitoboa matundu kwa msumari. Naiweka ndani ya sufuria juu ya mawe matatu madogo, kama mafiga, chini yake maji ya kina cha vidole viwili. Kwenye maji natia sarafu ya shilingi 200. Yakichemka inagongagonga; ikinyamaza ujue maji yamekauka, ongeza upesi. Sufuria moja niliiunguza kabla sijaijua hiyo sarafu.

Usiweke mayai mpaka mvuke uwe unasukuma mfuniko. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Yai likipatwa na joto kali ghafla, ute wa pembeni unaganda haraka na kuachana na utando. Likianzia kwenye maji baridi, ute unaiva taratibu huku umeshikana nao. Ukiyatumbukiza kwenye maji yanayochemka utapata faida hiyohiyo, ila mayai yanagongana na kupasuka, na utakuwa umechoma mkaa kuchemsha sufuria nzima ya maji. Panga safu moja tu, funika, usichungulie. Mayai ya kisasa nayapa dakika 12 kiini kikauke, 7 kikiwa kinatakiwa laini. Ya kienyeji ni madogo, 10 zinayatosha. Kisha moja kwa moja kwenye maji baridi.

Hayo maji baridi msiyadharau. Yai likizidi kuiva, salfa ya kwenye ute hukutana na madini ya chuma ya kwenye kiini, na kiini kinajizungushia rangi ya kijani. Halina sumu, lakini kwenye sinia la futari linaonekana kama limechacha.

Dakika hizo ni za huku pwani. Mdogo wangu yuko Njombe, akazifuata vilevile nilivyomtumia, kiini kikatoka kibichi. Kule ni juu, kama mita 2,000 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 tu, na mvuke wake ni wa joto hilohilo. Sasa anaongeza dakika tatu.

Juzi shangazi alikuja. Nikatoka bandani na yai bado lina uvuguvugu wa kuku, nikalipika mbele yake, nikampa alimenye mwenyewe. Akaligonga kwenye ukingo wa meza, akalibiringisha kwa kiganja. Kaka likavuka vipande viwili, yai jeupe halina hata mchubuko. Akaligeuzageuza, akaniomba chumvi na pilipili manga.