Mzigo wa Jack Trice

“Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” (Wagalatia 6:2)

Wapendwa katika Bwana, usiku wa tarehe 5 Oktoba 1923, katika hoteli moja mjini Minneapolis, Jack Trice aliketi akajiandikia barua fupi kuhusu mechi ya kesho yake. Alikuwa mwanafunzi wa ufugaji katika Chuo cha Iowa State, na ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kukichezea chuo hicho mpira wa Kimarekani. Aliandika kwamba heshima ya watu wa rangi yake, ya familia yake na yake mwenyewe imo hatarini. Kwamba kila mtu anamtazamia afanye makubwa, naye atayafanya.

Kesho yake alivunjika mtulinga mapema, akakataa kutoka uwanjani. Katika robo ya tatu alianguka, na wachezaji watatu wa timu pinzani, Chuo Kikuu cha Minnesota, wakamkanyaga. Kama walikusudia au la, watu wamebishana hadi leo. Alirudishwa Ames, mji wa chuo chake, kwa treni, akiwa amelazwa juu ya godoro la majani, na tarehe 8 Oktoba akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili, akiwa na umri wa miaka 21. Barua ile ilikutwa mfukoni mwa koti lake kabla ya mazishi.

Wengi huisoma kama ushuhuda wa ushujaa, na ushujaa umo kweli. Mimi huisoma kwa uchungu. Paulo anaendelea kusema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, na masomo na mazoezi yalikuwa furushi la Jack. Lakini ubaguzi ulikuwa dhambi ya taifa zima, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumtwika kijana mmoja aulipie kwa mwili wake. Nasi tunao vijana walio wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, ambao tuliwawekea mikono siku ya kuwaaga, na tangu hapo tunawapigia simu kuuliza matokeo na ada ya wadogo zao.

Wanafunzi wa Iowa State waliwachangia wafiwa, na mwaka 1997 uwanja wao ukapewa jina la Jack. Mama yake, Anna, alimwandikia mkuu wa chuo kwamba anajivunia heshima aliyopata mwanawe, ila huyo ndiye pekee aliyekuwa naye, na sasa amebaki mzee na mpweke.

Juma hili, kila kikundi cha maombi kiwataje vijana wetu hao kwa majina, pamoja na mama zao.