Kiwiko kinachouma: ninachotaka mafundi wenzangu wajue

Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, tunaujua huu ugonjwa hata kabla ya kuambiwa jina lake. Unainua kikombe cha chai, na upande wa nje wa kiwiko, pale mfupa ulipojitokeza, panachoma kama msumari wa moto. Kukamua kitambaa, kuzungusha kitasa, kupeana mkono na mteja, vyote vinauma. Hospitalini wanauita kiwiko cha tenisi. Huwapata zaidi watu wa miaka 35 hadi 55 hivi, na wengi ni wa kazi za mikono: maseremala, washonaji, wapishi.

Wangu ulinianza kwenye oda ya vitanda vya hosteli. Mninga mtupu, skrubu zote nakaza kwa bisibisi ya mkono.

Dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, alinikunjisha ngumi, akaniambia niinue mkono juu huku yeye anaugandamiza chini. Nilipiga kelele. Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe misuli inayoinua kiganja, inavyopanda hadi kuwa kano iliyojishikiza kwenye mfupa wa kiwiko. Kila unapokamata kifaa kwa nguvu, misuli hiyo inajikaza ili mkono usipinde. Kazi ikiizidi kano, nyuzi zake zinachakaa, na kano hupona taratibu sana.

Nilitegemea masaji na mashine. Nikapewa mazoezi. "Fundi, kano inataka kazi, ila kazi ya kipimo," aliniambia.

Hatua ya kwanza haina hata mwendo. Unalaza mkono mezani, kiganja chini, unajaribu kuinua ngumi huku mkono mwingine unaizuia. Unashikilia sekunde 30 hadi 45, unapumzika, unarudia mara tano. Maumivu kidogo yanaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yasiwe yamezidi. Yakizidi, unapunguza, huachi.

Ikafuata chupa ya maji ya nusu lita. Mkono unaning'inia nje ya ukingo wa meza. Unaiinua chupa kwa msaada wa mkono mzima, kisha ule mgonjwa unaishusha peke yake polepole, ukihesabu moja hadi nne. Kule kushusha ndiko kwenye dawa, na ndiko watu wanakoharakisha. Baadaye nikapewa nyundo: unashika mwisho wa mpini, unageuza kiganja juu, unageuza chini, bila papara. Ukiona ni nzito, sogeza mkono karibu na kichwa cha nyundo.

Na kazini nilibadilisha mambo. Mpini wa bisibisi nimeuzungushia mpira wa tyubu uwe mnene, nisiubane sana. Mbao nazibeba viganja vikitazama juu, viwiko karibu na mbavu. Ukanda wa kiwiko nauvaa vidole viwili chini ya panapouma, saa za kazi tu.

Sasa hii sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo wenzetu wanaikimbilia. Inatuliza haraka, sikatai. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wiki ya sita waliochomwa walikuwa na nafuu kubwa, na mwaka ulipokwisha walikuwa na hali mbaya kuliko waliofanyiwa fiziotherapia. Mtu anayeishi kwa mkono wake anastahili kuambiwa hilo kabla ya kukunja shati, na inaniuma kuona vijana wanachomwa bila kuelezwa.

Wengi hupona ndani ya mwaka hata bila tiba kubwa. Ila nani kati yetu anaweza kukaa mwaka mzima bila kushika randa? Mazoezi yanataka miezi, wiki za kwanza huoni kitu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mimi randa nimerudi nayo. Skrubu nyingi nakaza kwa drili.

Ukiona ganzi vidoleni, maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, au kiwiko kimevimba baada ya kuanguka, usianze na chupa. Hiyo ni habari nyingine, nenda kapimwe kwanza.