Udi wangu, mwaka wa pili baada ya kiharusi

Leo alasiri, nikiwa barazani kwetu Lamu, nimepiga kwa udi, ala yangu ya nyuzi, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu iitwayo rasti, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kidole kuteleza, jambo ambalo sijaliweza tangu kiharusi kilipoulegeza mkono wangu wa kushoto. Shingo ya udi haina vigawanyo vya kukiongoza kidole, kwa hiyo mkono usiohisi vyema huikosa sauti kwa upana wa unywele tu, na miezi ya kwanza nilibana jozi moja ya nyuzi, nikaiachia, nikaibana tena, mpaka adhana ya magharibi. Daktari alinieleza kwamba ubongo hujenga njia mpya kwa kurudiarudia. Lakini shukrani zangu kubwa ni kwa mke wangu, aliyeisikiliza sauti ile ile moja kila jioni. Wimbo mzima bado haujarudi. Kesho, inshallah, naanza ngazi nyingine, bayati.